Nafasi 36 kwenye kiambatisho

Kwa miaka miwili ya mwanzo, ukatibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwangu ulikuwa misiba na michango. Mtu akifiwa, naandika barua ya kuomba gari. Mtu akicheleweshewa likizo, naenda ofisi ya utumishi, tunataniana kidogo, jambo linakwisha. Makato ya chama yalikatwa kwenye mshahara kila mwezi, na kila mwezi hakukosekana mtu wa kunisimamisha kwenye korido: "Hivi hicho chama chenu kinatufanyia nini hasa?" Sikuwa na jibu la maana. Nilikuwa nikijibu kwa mzaha kwamba kinasubiri ufiwe.

Barua ilikuja siku ya Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, wakati watu wanajiandaa kuondoka. Kurasa mbili na kiambatisho. Ilisema chuo kimeanza "zoezi la kuoanisha ikama na mahitaji halisi". Ikama ni orodha ya nafasi za kudumu za watumishi. Nimefanya kazi chuoni muda wa kutosha kujua kwamba ofisi ikianza kutumia neno zoezi, kuna mtu ataumia. Kiambatisho kilikuwa na nafasi 36, zote za waendeshaji: masijala, maktaba, maabara, jikoni, usafiri, usafi, ufundi. Mwalimu hata mmoja hakuwemo. Mkurugenzi hata mmoja hakuwemo. Nilipofika mstari wa 19 nikakuta cheo changu: fundi sanifu maabara, nafasi mbili kati ya tatu.

Chuo sitakitaja. Baadhi ya wahusika bado wapo kazini, na wengine walinisaidia kwa namna ambayo wasingependa ijulikane.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililotangulia. Jioni ile ile niliitisha mkutano wa dharura nje ya karakana. Watu walikuja wamekunja sura, wengine bado wana aproni. Nikapanda juu ya benchi, damu imechemka, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Hakuna atakayeguswa! Hata mmoja!" Wakapiga makofi, wengine wakaimba. Nilishuka pale najiona kiongozi.

Fundi bomba wetu, mzee aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, alinisubiri mpaka watu wakatawanyika. Tulimwita Mzee wa Maji. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, umewagawia watu kitu ambacho mwenyewe hunacho mkononi." Akaondoka na baiskeli yake. Sentensi ile ilinifuata kwa miezi, kwa sababu kila nilipokuja baadaye na habari nzuri, kwamba tumeokoa watano, tumeokoa wanane, kulikuwa na mtu wa kunikumbusha kuwa nilisema hata mmoja.

Jumatatu akaja ofisa wa chama kutoka makao makuu. Nilitegemea mtu wa kuchochea moto. Alikuja dada mmoja mpole, ana miwani na faili la kamba, na kwa saa nzima hakulaani mtu yeyote. Aliuliza maswali tu. Barua ina tarehe gani? Ilifika lini? Nani aliipokea, na alisaini saa ngapi? Bahasha iko wapi? Bahasha nilikuwa nimeshaitupa. Aliandika hilo pia.

Kisha akaisoma ile barua polepole na kuweka mstari chini ya maneno mawili: uamuzi umefikiwa. "Hapa," akasema, "ndipo tutakaposimama."

Mimi nilikuwa naona yale ndiyo maneno mabaya kuliko yote kwenye barua. Kwake yalikuwa zawadi. Akanieleza kwamba Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 158 mwaka 1982, na ibara yake ya 13 inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa mapema, kwa nini, wangapi, wa kada gani, lini, na awape nafasi ya kushauriana naye juu ya njia za kuliepuka jambo lenyewe. Si kila nchi imeuridhia mkataba huo, lakini wazo lenyewe utalikuta kwenye sheria za nchi nyingi. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio mara tu anapofikiria kupunguza, kisha mshauriane kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua watu, muda na malipo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka chama na ofisa wa kazi waarifiwe angalau mwezi mmoja kabla. Uingereza, wakipunguzwa watu 20 au zaidi kwenye kituo kimoja ndani ya siku 90, mashauriano yaanze si chini ya siku 30 kabla, na wakifika 100 ziwe siku 45. Namba zinatofautiana, lakini neno la kushika ni hilo hilo: kabla. Ukishaambiwa uamuzi umefikiwa, maana yake hukushauriwa, umepashwa habari.

Wewe unayesoma, tafuta sheria ya kwenu leo, ukiwa huna shida yoyote. Kuisoma wakati barua iko mezani ni kama kujifunza kuogelea baada ya mtumbwi kupinduka.

Tukajibu kwa barua ya ukurasa mmoja, bila tusi hata moja. Tuliomba taarifa 11, tukaomba kikao, tukasema hatuitambui barua inayotangaza uamuzi kabla ya mashauriano. Nilitaka kuongeza aya moja ya hasira. Dada aliifuta. Siku nne baadaye ikaja barua mpya, maneno karibu yale yale, ila palipokuwa na uamuzi sasa pana pendekezo. Watu wengi hawakuona tofauti. Lakini sisi tulikuwa tumepata siku 30 na meza ya kukaa.

Kuhusu hesabu za fedha nitapita haraka, maana hazikuwa na ajabu kubwa. Nilitamani sana tukute uongo. Hatukukuta. Wanafunzi walikuwa wamepungua kweli, pengo lilikuwepo kweli. Mhadhiri mmoja wa uhasibu alikaa nasi jioni mbili akatufundisha kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na alichotuonyesha ni kwamba mishahara ya waendeshaji ilikuwa imekaa pale pale kwa miaka mitatu, huku fungu la washauri na kampuni za nje likipanda. Pia hesabu ya kuwapa wakandarasi kazi ya usafi ilikuwa imesahau kodi, vifaa, na mshahara wa mtu wa kuwasimamia hao wakandarasi. Basi. Haikuwa kashfa, ilikuwa hesabu iliyofanywa na mtu mwenye haraka. Nilijifunza kwamba ukikubali kilicho kweli kwenye hoja ya mwenzako, anakosa pa kujificha kwenye kisicho kweli. Wanachama wangu hawakulipenda hilo. Waliponisikia nasema "pengo lipo", wawili walitoka nje ya ukumbi.

Kikao cha kwanza sitakisahau kwa sababu ya karatasi moja. Dada wa makao makuu alikuja nayo ameiandika kwa mkono, mistari saba. Pamoja na ule mkataba wa 1982, Shirika la Kazi lilitoa Pendekezo Na. 166 la mwaka huo huo, lenye orodha ya mambo ya kufikiriwa kabla ya kumgusa mtu: kusitisha ajira mpya, kutandaza upunguzaji kwenye kipindi kirefu ili watu wapungue wenyewe kwa kustaafu, kuwahamisha ndani kwa ndani, kuwapa mafunzo ya kazi nyingine, kustaafu mapema kwa hiari na kwa malipo yanayoeleweka, kupunguza saa za ziada, kupunguza saa za kawaida. Akaisukuma karatasi katikati ya meza, upande wao, akaweka kalamu juu yake. "Naomba mtuwekee alama ya vema kwenye yale mliyokwisha kuyajaribu."

Kimya. Mkuu wa utumishi aliichukua kalamu, akaizungusha, akairudisha. Akatazama dirishani. Makamu mkuu wa chuo akasema orodha ile ni ya nadharia. Dada akasema, "Sawa, basi tuanze na ya kwanza," akatoa matangazo mawili ya kazi ambayo chuo kilikuwa kimeyabandika mwezi ule ule. Hakuongeza neno. Mimi ningeongeza maneno mia mbili.

Karatasi ile haikugombana na mtu, wala hapakuwa na sauti iliyopanda, ila kuanzia pale mazungumzo yaligeuka. Hatukuwa tena tunajadili nani aondoke. Tulikuwa tunajadili kwa nini mistari saba haina alama.

Jambo la pili ni madaftari, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Hoja yao ilikuwa nyepesi na tamu: masijala sasa ni ya kidijitali, kwa hiyo makarani wanne ni wengi. Maktaba wanafunzi wanasoma kwenye simu. Maabara, wahadhiri wanaweza kujiandalia wenyewe. Tulipodai maelezo ya kazi za watu hao, tukaletewa nyaraka za miaka kumi na tano iliyopita. Ya kwangu ilisema nasafisha vioo na kutunza mizani. Haikutaja kemikali zilizokwisha muda, haikutaja kwamba darasa la watu arobaini lina watu arobaini wanaoshika tindikali kwa mara ya kwanza huku mhadhiri akiwa ameutazama ubao.

Basi tukanunua madaftari 36, tukamgawia kila aliyekuwa kwenye orodha. Kwa wiki mbili, andika: saa, nani amekuja, umefanya nini. Usipambe. Hapo ndipo tukagundua kwamba orodha yenyewe ilitolewa kwenye karatasi za mishahara za zamani. Madaftari mawili yalikosa wa kuyachukua. Nafasi moja ilikuwa tupu tangu zamani. Ya pili mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia; niliandika mimi barua ya kuomba gari la msiba wake.

Daftari la mama wa masijala ninalo mpaka leo. Mwandiko mdogo, umesimama wima, kama wa watu waliosoma enzi za kalamu ya wino:

"Saa 2:10. Mwanafunzi, jina la cheti si sawa na la usajili. Nimempeleka kwa msajili msaidizi, nimerudi naye.
Saa 2:35. Mzazi anamtafuta mwanawe, simu haipatikani siku tatu. Nimempata bwenini. Ni mgonjwa. Nimempigia mlezi.
Saa 3:00. Mfumo umegoma.
Saa 3:00 hadi 5:20. Nimeandika kwa mkono, watu 17.
Saa 5:20. Mfumo umerudi. Nimeingiza wale 17.
Saa 6:05. Kijana wa mwaka wa kwanza analia. Sikuandika sababu."

Ule mstari wa mwisho niliusoma kwenye kikao kwa sauti, halafu nikashindwa kuendelea, nikajifanya natafuta miwani. Mkuu wa utumishi ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Huyu mama ndiye aliyenipokea nilipoajiriwa."

Daftari la Mzee wa Maji lilikuwa na mistari minne kwa siku. Kuandika kulimchosha. Kwa hiyo jioni nilikwenda kukaa naye kwenye kibanda cha vifaa, yeye anasema, mimi naandika. Ndipo nikajua kwamba chini ya chuo chetu kuna koki kuu 23 za kufungia maji, kwamba ramani ya ujenzi ilipotea muda mrefu, na kwamba bomba la bweni la wasichana halifungwi kwenye bweni la wasichana, linafungwa nyuma ya ukumbi wa mitihani, chini ya kifuniko kilichofunikwa na majani. Nikaanza kuchora. Nilichora mpaka usiku, nafurahi kama mtoto. Hii ndiyo silaha, nikamwambia, kesho naipeleka mezani.

Mzee akanitazama muda mrefu. "Ukiwapa mchoro huo, mimi wananihitajia nini?"

Nikanywea.

"Waambie upo," akasema. "Usiwaonyeshe."

Nilikuwa na shahada, nilikuwa nimehudhuria semina mbili za majadiliano ya pamoja, na hakuna aliyewahi kunieleza jambo hilo kwa maneno machache namna ile. Kuonyesha thamani ya kazi ya mtu na kuikabidhi bure ni mambo mawili, na yako karibu mno. Tulipokaa mezani nilisema mchoro upo na utakamilishwa na fundi mwenyewe, akiwa kazini, huku akimfundisha kijana wa kumrithi. Ikaandikwa hivyo kwenye makubaliano. Alimaliza miaka yake mitatu.

Madaftari yote yalichapwa na binti mmoja wa maktaba, wa mkataba wa muda. Alijitolea mwenyewe. Usiku tatu mfululizo alikaa kwenye kompyuta ya kaunta baada ya saa za kazi, anachapa miandiko ambayo hata wenyewe waliiandika kwa taabu, ananiuliza, "Kaka, hapa ni 'pampu' au 'pamba'?" Nimemtaja hapa kwa makusudi. Nitamrudia.

Watu waliotuona kwa nje walidhani vita vilikuwa kati yetu na menejimenti. Kwa wiki mbili, vita vibaya zaidi vilikuwa ndani ya tawi, na vilihusu vigezo. Wengi wa wazee walitaka utaratibu wa zamani: wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka. Ni rahisi kuupima, hauna upendeleo wa bosi. Kijana mmoja wa kitengo cha kompyuta alisimama akauliza, "Kwa hiyo kuchelewa kuzaliwa ndilo kosa langu?" Ukumbi ulicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa na mtoto wa miezi minne. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sidhani kama lipo moja. Tulikubaliana muda wa utumishi uwe na uzito, pamoja na ujuzi, na kila mmoja aone alama zake na awe na pa kukata rufaa.

Tulichokataa wote, wazee kwa vijana, ni kigezo kimoja kilicholetwa na menejimenti: "mtazamo chanya", alama 20 kati ya 100. Mtazamo chanya unapimwa na nani, kwa mizani gani? Yule anayeuliza maswali kwenye vikao atapata ngapi? Kikaondolewa. Tukaondoa pia siku za ugonjwa na likizo za uzazi kwenye hesabu ya mahudhurio, na maonyo ambayo muda wake ulikuwa umekwisha. Kama utalazimika kupigania kitu kimoja tu mezani, pigania namna ya kuchagua. Idadi inashuka na kupanda, lakini kigezo kibovu kinawang'oa watu wale wale kila mwaka.

Kuhusu mgomo: ulitakwa sana. Ila barua ilikuwa imeletwa mwanzoni mwa likizo ndefu, na mgomo kwenye chuo kilichobaki na wanafunzi wachache ni watu kukaa juani tu. Sidhani kama tarehe ile ilikuwa bahati mbaya.

Na mimi je, mstari wa 19? Siku ya kwanza ya mashauriano nilisema mbele ya wote kwamba cheo changu kimo, na kila tulipofika maabara nilitoka nje, akabaki mwenyekiti. Nilijua wapo watakaosema katibu amejiokoa. Walisema. Nafasi za maabara zilibaki zote tatu, hoja ya usalama ilikuwa nzito kuliko hoja ya fedha, lakini nenda kamweleze hivyo mtu ambaye wa kwake ameondoka. Mke wa dereva mmoja alinipita pembeni ya lango kama hanijui, mwaka mzima. Sikumlaumu. Katibu wa tawi akiwa kwenye orodha, nafikiri sasa, aachie kiti kwa muda badala ya kutoka na kuingia mlangoni kama nilivyofanya.

Tulipomaliza, wale 36 walikuwa watu 34. Nafasi 12 ziliondolewa kwenye pendekezo kabisa. Watu tisa walihamishiwa penye upungufu, wanne kati yao baada ya mafunzo mafupi. Wanane walikubali kustaafu mapema, kwa hiari, na hili la hiari nililisimamia mwenyewe: nilikaa na kila aliyependekezewa peke yake, pamoja na karatasi ya hesabu yake, na wawili niliwashauri wakatae, wakakataa. Walibaki watano ambao hatukuwapatia pa kuwaweka. Dereva mmoja, wapishi wawili, mhudumu wa usafi, karani wa stoo.

Karani wa stoo tulimwita Bibi Funguo. Siku ya mwisho alikabidhi funguo 61, kila moja ina kipande cha kitambaa cha rangi yake, na hakuna mtu mwingine aliyejua rangi ipi ni mlango upi. Alikataa kuketi. Aliwasimamia mezani, akazitaja moja moja, na yule ofisa wa ukaguzi akawa anaandika, anaandika, mkono unamuuma. Alipofika wa mwisho akasema huu ni wa kabati la msaada wa kwanza, msiliweke mbali. Makubaliano yetu yalisema nafasi ikitokea ndani ya miezi 12, watano hao waitwe kwanza. Nilimwonyesha aya hiyo. Alisoma, akakunja karatasi, akaiweka kwenye mkoba bila kusema lolote.

Gazeti dogo la chama liliandika kwamba tawi letu limeshinda. Picha yangu ilikuwepo.

Sasa yule binti.

Katika hatua za kuepuka kupunguza watu, tulikuwa tumependekeza, sisi, kwa mwandiko wangu mimi, kwamba kabla ya kumgusa mwajiriwa wa kudumu chuo kisihuishe mikataba ya muda inayoisha. Ni hatua ya kawaida, utaikuta kwenye makubaliano mengi ya vyama. Menejimenti waliikubali dakika ile ile, na ningepaswa kujiuliza mbona wamekubali haraka hivyo. Watu 14 walikuwa kwenye mikataba hiyo. Hawakuwa kwenye kiambatisho, maana kiambatisho kilikuwa cha ikama na wao hawamo kwenye ikama. Hawakuwa wanachama, maana hakuna aliyewahi kuwapa fomu. Mimi ndiye niliyekuwa na fomu. Hawakupewa barua ya kupunguzwa wala kiinua mgongo, na hakuna aliyewaita kwenye mashauriano. Mikataba yao ilifika tarehe yake, ikaisha, kila mmoja kwa siku yake, kimya kimya, kama taa zinazozimwa chumba hadi chumba.

Wa kwake uliisha Jumanne. Nilipita maktaba Jumatano kuomba nakala ya kitu, nikakuta kaunta ina mtu mwingine. Nikauliza. Wakanijibu kama wanaoulizwa hali ya hewa.

Tangu hapo tumebadilisha katiba ya tawi ili wa mikataba ya muda waweze kujiunga kwa ada ndogo, na mwakilishi wao ana kiti kwenye kamati. Ilichukua mwaka. Baadhi ya wanachama wa kudumu waliipinga waziwazi, kwa hoja ambayo ilinitia aibu kwa kuwa ilikuwa yangu: hao ndio kinga yetu.

Mwezi wa tisa baada ya makubaliano, tangazo la kazi likabandikwa ubaoni: "msaidizi wa huduma za ugavi". Cheo kipya, lakini ukisoma majukumu ni stoo, mwanzo hadi mwisho. Nikaling'oa, nikaenda nalo utumishi pamoja na makubaliano yetu, aya ya tisa imewekwa mstari. Hawakubisha. Nikatoka mbio kwenda masijala, kwa sababu mama wa masijala ndiye aliyekuwa na namba mpya ya Bibi Funguo. Tukampigia pale pale. Akasikiliza, akauliza kama funguo bado zina vitambaa. Nikamwambia vingine vimetoka. Akasema atakuja Jumatatu.

Nilikata simu nikiwa nacheka peke yangu. Mama wa masijala alikuwa ameshageukia foleni yake, anamkagulia mwanafunzi fomu. Bila kuinua kichwa akaniuliza:

"Na yule binti aliyetuchapia madaftari, yeye umempigia?"

Nikashika simu, nikaanza kutafuta kwenye orodha ya namba. Nilitafuta kwa herufi ya kwanza, nikatafuta kwa neno maktaba, nikatafuta kwa neno daftari. Mwanafunzi aliondoka na fomu yake, akaja mwingine, na mimi bado nimesimama pale.